Kagugu, Kinyinya, Gasabo: Historia ya Mipaka ya Utawala na Hesabu ya Watu

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, kazi ya kutafsiri hati imezidi kubisha hodi katika idara za Kiswahili. Huja vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi, nakala za hukumu, barua za utambulisho. Mtu wa nje angedhani kwamba ugumu wa kazi hiyo umo katika istilahi za kisheria. Sisi tumeona vingine. Aghalabu ugumu wa kwanza huwa katika mstari wa juu kabisa, ule unaotaja mahali. Hati imeandikwa umurenge. Mwanafunzi mmoja anaandika "kata", mwenzake anaandika "tarafa", na wote wawili wanasonga mbele wakiamini wamemaliza. Hakuna aliyeuliza: ni umurenge wa mwaka gani?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina uzito. Neno hilo moja la Kinyarwanda limebeba vitu viwili vya ukubwa tofauti kabisa, kimoja kabla ya tarehe 1 Januari 2006 na kingine baada yake. Anayetafsiri bila kuijua historia hiyo anaweza kumpeleka mtu kwenye ofisi isiyo na habari zake, au kulinganisha hesabu za watu ambazo hazilinganishiki. Tumechagua Kagugu iwe mahali pa kusimamia, kwa sababu ni jina ambalo wakazi wengi wa Kigali wanalifahamu, na kwa sababu kilima hicho kimeonja karibu kila badiliko tutakalolieleza.

Kagugu iko upande wa kaskazini wa jiji. Kiutawala ni akagari, moja kati ya utugari nne za umurenge wa Kinyinya. Nyingine ni Gacuriro, Gasharu na Murama. Kinyinya nao ni mmojawapo wa imirenge 15 ya Gasabo, na Gasabo pamoja na Kicukiro na Nyarugenge ndizo uturere tatu zinazounda Jiji la Kigali. Ukishuka chini ya Kagugu unakuta imidugudu kama Kadobogo, Giheka na Nyakabungo, na ndani ya umudugudu mna isibo, yaani kundi la nyumba za majirani. Kwa hiyo mtu wa Kagugu anaishi katika ngazi sita kwa wakati mmoja: isibo, umudugudu, akagari, umurenge, akarere, jiji. Akitaka barua ya utambulisho anajua aanzie mlango upi. Babu yake hakuzijua ngazi hizo kwa sura hiyo, na babu wa babu yake angeshangaa kabisa kusikia kwamba kilima kina mpaka mmoja na mkubwa mmoja.

Hapo kale, katika sehemu kubwa ya ufalme wa Rwanda, kilima kimoja kiliweza kuwa na watware watatu. Alikuwapo mtware wa ubutaka, aliyeshughulika na ardhi na kodi ya mazao. Alikuwapo mtware wa umukenke, aliyeshughulika na malisho na ng'ombe. Wa tatu alikuwa mtware wa ingabo, mkuu wa jeshi, na huyu hakuhesabu watu wake kwa vilima bali kwa koo, kwani uaskari ulirithiwa, na watu wa jeshi moja waliweza kuishi mbalimbali nchini. Mamlaka yaliwafuata watu kuliko yalivyofuata mipaka. Ulikuwa mfumo mzito kwa mkulima, maana kila mtware alidai chake. Hata hivyo ulikuwa na upenyo: aliyeonewa na mmoja aliweza kukimbilia kwa mwingine.

Upenyo huo ulizibwa na Wabelgiji. Katika mageuzi yaliyoanza mwaka 1926, yanayojulikana kwa jina la Mkazi wa wakati huo, Mortehan, vyeo vile vitatu viliunganishwa kuwa kimoja. Nchi ikagawanywa katika maeneo ya machifu na ya machifu wadogo, ambao Kinyarwanda kiliwaita shefu na sushefu, na juu yao wakawa watawala wa Kibelgiji wa teritwari. Hapo ndipo mgawanyo wa Rwanda ulipoanza kuwa ramani. Kila kipande cha ardhi kikawa cha mtu mmoja, na kila mtu akawa wa kipande kimoja. Katika miaka ya 1930 utawala huo huo ukawagawia watu vitambulisho vilivyotaja kabila, na hesabu ya watu ikawa hesabu ya makundi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo dogo la kufurahisha katika ramani za wakati huo. Majina ya teritwari yameandikwa Kisenyi, Kibungu, Shangugu, Biumba. Leo tunaandika Gisenyi, Kibungo, Cyangugu, Byumba. Tahajia zile, hasa ile ya Kisenyi yenye "ki" mahali ambapo Mnyarwanda hutamka "gi", zinafanana mno na matamshi ya Mswahili. Haishangazi. Tangu Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907 akiwa Mkazi wa Kijerumani, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya wakalimani na ya wafanyabiashara, na vizazi vyao vikajenga mitaa kama Biryogo na Nyamirambo. Hatusemi kwamba kila herufi ilitoka kinywani mwao, lakini anayefundisha historia ya lugha yetu nchini humu asiipite ramani hiyo.

Ukaja mwaka 1960. Kabla hata ya uhuru, machifu waliondolewa na mahali pao zikawekwa komini 229, ambazo wakuu wake walitokana na uchaguzi wa miezi ya Juni na Julai mwaka huo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 Kigali ilifanywa mji mkuu, ingawa ilikuwa na wakazi elfu chache tu. Komini nazo zikapunguzwa hadi 141, na juu yake zikawa perefegitura kumi. Mkuu wa komini aliitwa burugumesitiri, neno lililopita Ubelgiji likaingia Kinyarwanda na kukaa humo kama mwenyeji. Tangu miaka ya 1970, chini ya Rais Habyarimana, burugumesitiri hakuchaguliwa tena na watu; aliteuliwa na rais mwenyewe. Chini yake walikuwa konseye wa sekta na wakuu wa seli. Chama cha MRND kilichoanzishwa mwaka 1975 kilizitumia ngazi hizo hizo, kwa vile kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Umuganda wenyewe ulisimamiwa kwa seli.

Sensa ya kwanza kamili ilifanyika Agosti 1978, ikahesabu watu 4,831,527. Ya pili, Agosti 1991, ikahesabu 7,157,551. Wakati huo perefegitura zilikuwa 11, kwa kuwa mwaka 1990 mji wa Kigali ulitengwa na perefegitura ya Kigali ya mashambani. Sensa hiyo ya 1991 iliuliza kabila la kila mtu. Sensa zilizofuata, 2002, 2012 na 2022, hazikuuliza.

Kilichotokea katikati kinafahamika. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ngazi za utawala zilikuwa chombo cha kazi. Maagizo yalishuka kutoka kwa perefe hadi kwa burugumesitiri, kwa konseye, kwa mkuu wa seli, na habari za nani anaishi wapi zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha kwa kosa la mauaji ya kimbari, tarehe 2 Septemba 1998, alikuwa burugumesitiri: Jean-Paul Akayesu wa komini ya Taba, perefegitura ya Gitarama.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwani mfano huu tunautumia sana darasani. Tafsiri nyepesi ya cheo cha Akayesu ni "meya". Msomaji wa Tanzania anaposikia meya humwona mwenyekiti wa baraza la jiji au manispaa, mwenye joho na mkufu, anayepokea wageni. Taba ilikuwa komini ya mashambani. Burugumesitiri wake alikuwa na polisi wa komini chini ya amri yake, alikuwa mteule wa rais, na mbele ya wanakijiji alikuwa na nguvu ambayo joho la meya halina. Ukimwita meya, msomaji hataelewa kwa nini neno lake moja liliweza kuamua maisha ya watu maelfu, na hiyo ndiyo hoja nzima ya hukumu. Sisi tunapendelea kuliacha neno burugumesitiri lilivyo na kulieleza mara moja katika sentensi inayofuata. Na Taba yenyewe usiitafute kama komini leo. Eneo lake liko ndani ya Kamonyi, Mkoa wa Kusini.

Baada ya 1994 mipaka haikutulia. Mwaka 1996 iliundwa Umutara kaskazini-mashariki, zikawa perefegitura 12. Sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi ilipitishwa Mei 2000, na kuanzia 2001 majina yakabadilika: perefegitura ikawa intara, yaani mkoa, komini 154 zikageuka uturere na miji, jumla 106. Chini yake zilikuwapo imirenge 1,545 na utugari 9,165. Kisha sheria ya tarehe 31 Desemba 2005, iliyoanza kutumika siku iliyofuata, ikaikunja ramani yote upya. Mikoa 12 ikawa mitano ukihesabu Jiji la Kigali, uturere 106 zikawa 30, imirenge 1,545 ikawa 416, utugari zikawa 2,148, na umudugudu ukawekwa kuwa ngazi rasmi ya chini, imidugudu 14,837. Majina ya mikoa ya zamani yalitoweka katika barua za serikali. Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Cyangugu ikawa Rusizi. Mkoa wa Kigali Ngali ulivunjwa, vipande vyake vikagawiwa Jiji la Kigali, Kaskazini na Mashariki. Hata hivyo nenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo usikilize abiria: Butare na Gitarama bado zina nauli.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tumechukua jumla ya watu wa kila sensa tukaigawanya kwa idadi ya imirenge iliyokuwapo. Mwaka 2002 Rwanda ilikuwa na watu 8,128,553. Umurenge wa wastani ulikuwa na watu 5,260 hivi. Mwaka 2012 watu walikuwa 10,515,973. Umurenge wa wastani ukawa na watu 25,280. Mwaka 2022, watu 13,246,394, umurenge 31,840. Kwa akagari mruko ni mkali zaidi: kutoka watu 890 hadi 4,900, kisha 6,170. Akarere ya wastani ilikuwa na watu 76,700 mwaka 2002. Mwaka 2022 ilikuwa na 441,500.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba akagari ya leo ina watu wengi kuliko umurenge wa 2002. Na akarere ya leo inaelekea ukubwa wa perefegitura ya 1991, ambayo kwa wastani ilikuwa na watu 650,700. Majina yamebaki kwenye ngazi zao, lakini vitu vyenyewe vimepanda. Mwanafunzi akikuta katika utafiti wa mwaka 2003 kwamba "umurenge fulani una shule mbili", kisha katika ripoti ya 2013 kwamba una shule sita, asikimbilie kuandika kwamba shule zimeongezeka mara tatu. Huenda hakuna hata darasa moja lililojengwa.

Gasabo ndiyo mfano tunaoupenda kuliko yote. Jina ni la kale: kilima cha Gasabo, karibu na ziwa Muhazi, ndiko masimulizi ya ufalme yanakoiweka asili ya nchi, na wazee bado husema "Rwanda ya Gasabo". Akarere inayoitwa hivyo leo iliundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha sehemu za mji na mashamba yaliyouzunguka. Ndani yake mna Kacyiru na Kimihurura zenye wizara na balozi, na mna Rutunga na Gikomero ambako mtu anaamka kwenda kupalilia maharage na kukagua migomba. Kwa mipaka hii ya sasa, Gasabo ilikuwa na watu 320,516 mwaka 2002, watu 529,561 mwaka 2012, na watu 879,505 mwaka 2022. Yaani karibu mara tatu katika miaka ishirini, na zaidi kidogo ya nusu ya wakazi wote wa Kigali. Eneo lake ni kilomita za mraba 429 hivi, hivyo kila kilomita ya mraba ina watu wapatao 2,050. Akarere moja hii ina watu wengi kuliko perefegitura ya wastani ya 1991.

Na Kigali je? Ukisoma vitabu na ripoti utakuta idadi mbili za wakazi wa Kigali kwa mwaka ule ule wa 2002. Wengine wanasema 603,049, wengine 765,325. Tumewahi kuona insha ikizitumia zote mbili, moja katika utangulizi na nyingine katika hitimisho. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni ya mji wenye mipaka ya siku ya sensa. Ya pili ni ya sensa ile ile, watu wale wale, waliohesabiwa upya ndani ya mipaka ya 2006. Tofauti ni watu 162,276. Hawa walihamia jijini bila kufunga mzigo hata mmoja. Walilala wakulima wa mkoa jirani mkesha wa mwaka mpya, wakaamka wakazi wa jiji. Mtu akichukua 603,049 ya mwaka 2002 akailinganisha na 1,132,686 ya mwaka 2012, atasema Kigali iliongezeka kwa asilimia 88. Akitumia 765,325 atapata asilimia 48. Kasi hizo mbili zinahitaji mipango miwili tofauti ya maji, ya shule na ya barabara.

Mahali ambapo ramani ya zamani bado inaishi ni kwenye nyaraka za gacaca. Mahakama hizo, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilikuwa 12,103: za utugari 9,013, za imirenge 1,545, na za rufani 1,545. Msomaji makini ameshaona. Hiyo 1,545 ni idadi ya imirenge ya kabla ya 2006. Gacaca ilikuwa imekwisha kupandwa juu ya ramani ya zamani, na ilikuwa lazima ibaki hapo, kwa sababu mashahidi, majirani na makaburi vilikuwa kwenye vilima vile, si kwenye mistari mipya. Kwa hiyo kuna hukumu za mwaka 2008 zilizotolewa na mahakama ya umurenge ambao kiutawala ulikuwa umekwisha kufutwa miaka miwili nyuma. Manusura anayetafuta rekodi ya wazazi wake, au mtu anayetafuta uthibitisho wa fidia ya mali, anatafuta kwa jina la zamani. Mfasiri akiandika kata bila kutaja ni mahakama ya mwaka gani na eneo lake lilikuwa komini ipi, amemfungia mtu huyo mlango ambao lugha ilikuwa imfungulie.

Tukiacha nyaraka, tunabaki na maneno. Tuseme kwanza kwamba Kiswahili hakina seti moja ya majina ya ngazi za utawala. Kila nchi ina yake. Tanzania ina mkoa, wilaya, tarafa, kata, kisha kijiji na kitongoji mashambani, mtaa mjini. Kenya kata ilikuwa eneo la chifu, na mikoa yake minane ilipisha kaunti 47 kwa katiba ya mwaka 2010. Burundi watu huita komini tarafa. Nako mwaka 2025 mikoa 18 ilikuwa mitano na komini 119 zikawa 42, kwa hiyo wenzetu wa Bujumbura sasa wamo katika mtihani tulioufanya sisi mwaka 2006. Hata Tanganyika ya Waingereza iliita mkoa jimbo, ilhali leo jimbo ni la mbunge. Ukiandika kwamba Kinyinya ni tarafa, Mrundi ataona komini, Mtanzania ataona kundi la kata, na Mkenya atamkumbuka mkuu wa tarafa wa enzi za mikoa.

Kwa maoni yetu, intara na akarere hazina tatizo: mkoa na wilaya vinatosha, mradi mwandishi akumbuke kwamba wilaya za Kigali si sawa na nyingine. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuhusu Jiji la Kigali, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge hazina tena meya wala baraza lake. Zinaongozwa na watendaji chini ya jiji. Umurenge wa baada ya 2006 tunauita kata, kwa sababu ofisi yake inaendeshwa na katibu mtendaji, ambaye Mtanzania atamtambua mara moja kuwa ni ndugu wa mtendaji wa kata. (Wanyarwanda wenyewe wanamwita gitifu, kifupisho ambacho hakuna kamusi iliyokiagiza.) Umurenge wa kabla ya 2006 tunapendekeza ubaki sekta, pamoja na mwaka wake. Akagari iwe seli; neno si zuri, lakini halimdanganyi mtu.

Utata mkubwa uko kwenye umudugudu. Wengi huandika kijiji. Ukiandika kwamba mtu anaishi katika kijiji cha Kadobogo, msomaji wa Mwanza ataona vichaka, njia ya ng'ombe na kisima. Kadobogo leo nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Ukiandika mtaa, utakuwa sawa kwa Kagugu lakini si kwa Gikomero, na sheria imetumia neno moja kwa zote mbili. Tena neno lenyewe lina historia nyingine: tangu miaka ya 1996 na 1997 imidugudu ilikuwa makazi ya pamoja ambayo serikali iliwahamishia watu wa mashambani, kabla ya kuwa ngazi ya utawala. Sisi tumeamua kuandika mudugudu na midugudu, katika ngeli ya mti na miti, ambamo neno linaingia bila kusukumwa. Wapo wenzetu wanaoona huo ni uvivu. Tunawasikia.

Historia ya Kagugu yenyewe inaonyesha kwa nini kijiji hakifai. Mwaka 2008 familia zilizoondolewa katika Kiyovu cha chini, ile sehemu ya katikati ya mji iliyoitwa Kiyovu ya maskini, zilipelekwa Batsinda, katika nyumba za bei nafuu zilizojengwa Kagugu. Watu waliozaliwa na kuandikishwa Nyarugenge wakawa wa Gasabo kwa lori moja. Jirani yao, Gacuriro, nyumba za mpango zikapanda upande wa pili wa bonde. Shule ya Kagugu Catholique ikajulikana jijini kwa wingi wa wanafunzi wake. Huku ardhi yote ya nchi ikiandikishwa tangu 2009, kila kiwanja kikapewa namba inayoanza na mkoa, kisha wilaya, kisha umurenge, kisha akagari. Mtu wa Batsinda ana ngazi za utawala zimeandikwa ndani ya namba ya kiwanja chake. Kuzibadilisha tena sasa si kazi ya kalamu moja kama ilivyokuwa mwaka 2005.

Limebaki neno isibo. Ngazi hii ndogo kuliko zote bado hatujaipatia jina la Kiswahili linalokubalika. Baadhi ya wanafunzi wanapendekeza "nyumba kumi", na wana hoja. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulivuka mpaka, na kabla ya 2006 Wanyarwanda walikuwa na kiongozi waliyemwita nyumbakumi, neno moja, bila hata kufikiri kwamba ni Kiswahili. Kenya nako serikali ililifufua jina hilo mwaka 2013. Pingamizi la upande wa pili ni kwamba isibo huwa na nyumba zaidi ya kumi. Wanaopendekeza wanajibu kwamba hata ile nyumba kumi ya Tanzania haikuwa kumi kila mahali. Wasomaji wenye pendekezo lingine watuletee idarani kabla ya toleo lijalo.